Mkaguzi wa Kabichi na Yai la Njiwa

Ijulikane kwa watu wote wa Bnei Brak, mji wa Wayahudi washika dini, wenye ndevu na wasio nazo, wenye kofia za manyoya na wenye kofia za kawaida, pamoja na wajukuu wao ambao hawahesabiki na bado wanaendelea kuja: kwamba Bibi Hinde Zaltsberg, mkaguzi wa mboga za majani katika jiko la ukumbi wa harusi, mke wa Reb Yekusiel, mama wa Mindl, mkazi wa ghorofa ya tatu mkono wa kushoto, hajapata kumeza mdudu hata mmoja tangu alipoota meno. Wako walioshika amri za Torati kwa moyo wote. Wako walioshika kwa akili yote. Hinde alizishika kwa jicho lote, na jicho lenyewe lilikuwa la kulia, maana la kushoto alilifumba ili la kulia lifanye kazi bila kusumbuliwa.

Torati imekataza kula kitambaacho, na kabichi, kwa tabia yake, ni nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo kila asubuhi Hinde aliketi kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, akaloweka jani kwenye maji ya sabuni, akalisuuza, akalinyoosha juu ya mwanga, akalitazama kama askari wa mpakani anavyotazama pasipoti ya mtu mwenye haraka. Kidukari kimoja kikionekana, sanduku zima lilirudi lilikotoka. Wapishi walimwogopa. Wauza mboga walimwamkia kwa sauti ya watu waliokwisha kukamatwa. Alilipwa kushuku, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwaminifu, saa za kazi zikiisha aliendelea kushuku bila malipo.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Torati hiyohiyo inayotaka jani lishukiwe mpaka lithibitishe usafi wake, inataka mtu atafutiwe sababu njema. Ukimwona mcha Mungu anatoka mahali asipopaswa, unaamriwa useme moyoni kwamba alikuwa na shida ya maana. Na walimu wa zamani waliongeza, kwa wale wagumu wa kuelewa, kwamba anayemshuku asiye na kosa huadhibiwa mwilini mwake. Hinde alilijua fundisho hilo barabara na alilitekeleza kwa namna yake. Akimwona jirani ametoka kwenye mgahawa usio na cheti cha marabi, alisema moyoni, "Bila shaka aliingia kuuliza njia." Kisha alikaa dirishani kuhakikisha kwamba huyo muuliza njia hafuti mdomo.

Sasa, ghorofa hiyohiyo, mkono wa kulia, alikaa mjane mmoja jina lake Kreindl, mtengeneza wigi. Wanawake wote wa mtaa ule, wakishaolewa na kufunika nywele zao, vichwa vyao vya pili vilipita mikononi mwa Kreindl: aliziosha wigi, akazichana, akazikunja mawimbi, akazipanga mezani kwenye vichwa vya sponji visivyo na uso. Hinde hakupenda namna Kreindl alivyoongea na vichwa vile. Hakupenda pia kwamba alikuwa akicheka akiwa peke yake. Lakini lililomkosesha usingizi lilikuwa njiwa.

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, njiwa alikuja kutaga juu ya kiyoyozi cha Kreindl, kile cha nje kilichoning'inia ukutani baina ya vibaraza viwili vya kuanikia nguo, chake na cha Hinde. Kwingineko duniani njiwa akitaga kwenye kiyoyozi chako unamwita fundi. Bnei Brak watu wanapanga foleni. Imeandikwa kwamba ukikuta kiota njiani, na mama amelalia mayai, usimchukue mama pamoja na watoto. Mfukuze mama kwanza, ndipo utwae mayai, nawe utaishi siku nyingi. Kati ya amri zote hakuna iliyo nyepesi kama hiyo: unapiga makofi, ndege anaruka, unainua mayai, umemaliza, na mayai unayarudisha. Na hakuna iliyo adimu kama hiyo, kwa sababu matajiri wanaoweza kujinunulia ndimu ya sikukuu kwa bei ya pikipiki hawawezi kununua kiota. Njiwa wa kufugwa hafai. Lazima awe ndege asiye na mwenyewe, na mayai yasiyo na mwenyewe. Ndiyo maana kila aliyemaliza kuyainua alitakiwa aseme mbele ya watu watatu kwamba ameyaachia, si yake tena, ili anayefuata naye aweze kuyakuta bila mwenyewe.

Wanawake wa mtaa waliongeza jambo ambalo halimo katika maandiko lakini lilikuwa na nguvu kuliko maandiko: mke asiyejaliwa mtoto akiifanya amri hii, tumbo lake hufunguka.

Mindl, binti pekee wa Hinde, alikuwa ameolewa na Anshel muda wa kutosha kwa rafiki zake wote kumaliza majina ya bibi zao na kuanza kuwapa watoto majina ya mashangazi. Amekwenda kwa madaktari. Amekwenda kwenye makaburi ya watakatifu. Amekunywa majani ambayo Hinde mwenyewe aliyakagua jani kwa jani. Halafu siku moja, bila kumwambia mama yake, akavuka ukumbi mdogo wa ngazi, akabisha kwa Kreindl, akapewa siku: Jumanne jioni, kwa kuwa Jumanne ndiyo siku ambayo Mola, katika kuumba ulimwengu, aliiona njema mara mbili.

Hinde alipopata habari, swali lake la kwanza lilikuwa Kreindl anatoza nini.

"Hatozi kitu, Mama," Mindl akasema.

"Hata zawadi?"

"Hata zawadi."

"Basi ndiyo hapo. Mtu asiyetaka kitu, anataka nini?"

Mindl alimtazama mama yake kwa ule uchovu wa mtu aliyekua akisubiri saladi ikaguliwe huku njaa inamuuma. "Mama, hii siyo kabichi."

"Ningefurahi ingekuwa kabichi. Kabichi haifungi pazia kama huyo jirani."

Kwa mumewe hakupata msaada. Reb Yekusiel alikuwa mtu wa chuo cha Torati, mpole, aliyeishi ndani ya kitabu na kutoka nje wakati wa supu. Hinde alimwekea mezani mashaka yake yote pamoja na supu. Kwa nini njiwa arudi mahali palepale kila mwaka? Madirisha ya Bnei Brak yameisha? Kwa nini Kreindl hawashi kiyoyozi majira yote ya kutaga, hata ule upepo wa jangwani ukivuma, hata jasho likimtiririka mpaka kwenye wigi za watu? Na sokoni njiwa wa kufugwa wanauzwa kweupe, wana pete mguuni. Je, kama huyu naye ana pete? Watu wangapi wamepiga makofi mbele ya njiwa wa kununuliwa, wakarudi nyumbani kungoja watoto?

Reb Yekusiel akameza supu. "Mtafutie sababu njema," akasema.

"Nimemtafutia. Sijaipata."

Jumanne ikafika. Hinde alirudi kutoka kazini saa ya mchana, jua likiwa utosini, na kwenye ngazi akapishana na Kreindl aliyekuwa akishuka na masanduku ya wigi kumpelekea bibi harusi. Kreindl akamwambia waonane jioni, inshallah ya Kiyahudi, Mola akipenda. Hinde akaitikia, akaingia ndani, akafunga mlango, akasimama nyuma yake akisikiliza nyayo mpaka zikaisha.

Alijiambia kwamba anakwenda kwenye kibaraza kuanua nguo. Hilo lilikuwa kweli, nguo zilikuwepo. Alijiambia kwamba stuli anaibeba kwa sababu kamba iko juu. Kuhusu kitochi chake cha kazini, kile chembamba cha kumulikia mikunjo ya koliflawa, hakujiambia kitu.

Akapanda stuli, akaegemea ukuta unaotenganisha vibaraza, akanyoosha shingo. Njiwa alikuwa amejaa juu ya kiyoyozi, wa kijivu, mnene, akimtazama kwa jicho moja, la kulia. Kwa muda wakatazamana hivyo, mkaguzi na mkaguzi. Chini ya ndege palikuwa na kiota, kama kile kinastahili jina hilo: vijiti vichache, kipande cha waya, na katikati yake godoro zuri la nywele. Nywele za kahawia zenye wekundu kwa mbali, kama chai iliyokolea. Hinde alifumba jicho la kushoto. Nywele zile alizijua. Zilikuwa zake. Maana yake, zilikuwa za wigi yake ya Pasaka, ile ambayo Kreindl alisema ameipunguza kidogo tu nyuma ili ikae vizuri.

"Kidogo tu," Hinde akanong'ona. "Hiki ni kidogo?"

Kwa hiyo mwizi wa nywele alikwisha patikana, na ilibaki pete. Lakini miguu ya ndege aliyelala haionekani. Hinde akashuka, akaenda jikoni kutafuta mwiko, akasimama mbele ya droo akijiuliza kama njiwa ni wa mwiko wa nyama au wa maziwa, maana viwili hivyo Torati haivichanganyi, akachukua ule wa vitu visivyo vya upande wowote, akarudi juu ya stuli. Alitaka tu kumsogeza. Alitaka kumnyanyua kidogo upande, kama unavyonyanyua jani la chini kuona lililojificha.

Ndege hakutaka kusogezwa upande. Aliruka mzima mzima usoni pake, mabawa yakampiga kitambaa cha kichwa, na katika kule kuruka Hinde aliona miguu yote miwili wazi, myekundu, mitupu. Hapakuwa na pete.

Angeshuka hapo. Kila mtu aliyeisikia habari hii baadaye alisema angeshuka hapo. Lakini mayai yalikuwa yamebaki mawili, meupe, juu ya nywele zake mwenyewe, na mkono wa mwanamke ambaye maisha yake yote hajapata kupasua yai bila kulitazama kama lina doa la damu, mkono huo hauulizi ruhusa. Ukaenda wenyewe. Ukachukua yai, ukaliinua, mkono wa pili ukaweka kitochi nyuma yake.

Yai likawaka lote kama taa ndogo. Ndani yake mishipa myembamba ilikuwa imetandaa kama mizizi ya kitu kinachoanza, na katikati nukta nyekundu ilikuwa ikidunda. Hinde aliitazama. Ikadunda, ikadunda, haina habari na mtu yeyote. Akamfikiria Mindl, na kwa muda mfupi sana hakumshuku mtu.

Kisha akaelewa anachokifanya. Ndege amefukuzwa. Yai limeinuliwa. Kitu kisicho na mwenyewe, anayekiinua kwanza ndiye mwenyewe. Amri ambayo binti yake aliingoja, yeye ameitumbukiza mfukoni kama mtu aliyekula keki ya harusi kabla ya harusi.

Akalirudisha yai kwa haraka, stuli ikayumba, na bega lake la kulia likagonga pembe ya ukuta kwa nguvu hata akaona nyota mchana. Mwilini mwake. Papo hapo. Hinde hakuwa mtu wa kulalamika juu ya utaratibu, lakini alifikiri ingewezekana angalau kungoja mpaka Sabato.

Njiwa alikuwa ametua kwenye bomba la paa la ng'ambo, akiangalia. Hakurudi.

Kulikuwa na simu ya maswali ya sheria ambayo rabi wa mtaa, Rav Elyakim, aliijibu kila mchana, na Hinde aliipigia mara nyingi kuliko alivyompigia dada yake. Safari hii alibana pua kidogo, akasema kwamba ana rafiki. Rafiki huyo kwa bahati mbaya alikuwa karibu na kiota, kwa bahati mbaya ndege akaruka, na kwa bahati mbaya yai likajikuta mkononi mwake.

Kisha Rav Elyakim akauliza, "Rafiki yako huyo ndiye yuleyule aliyekuta wadudu kwenye brokoli wiki iliyopita?"

Hinde akaachia pua.

Rav alikuwa mtu mwema, hakucheka kwa sauti. Aliuliza ndege amefukuzwa saa ngapi. Akaambiwa mchana wa jua kali. Basi huyo alikuwa baba, akasema, kwani njiwa wana zamu: mama hulalia kuanzia jioni mpaka asubuhi, na katikati ya mchana baba humpokea. Hakuna amri ya kumfukuza baba. Amri haijafanywa, wala ndege hajatenda kosa kukasirika. Lakini yai je, aliliinua ili liwe lake?

"Aliliinua ili aone kama lina kitu."

"Kwa faida ya nani?"

"Ya binti yake."

Rav akahema. Hapo pana shaka, akasema. Pengine limekuwa lake, pengine halikuwa, na mtu hajengi amri ya mwingine juu ya shaka. Rafiki aliachie yai mbele ya watu watatu, na binti ataendelea kwa amani. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba rafiki aombe pia msamaha kwa mwenye kiyoyozi. Hinde akasema laini imeanza kukatika, akakata.

Mbele ya watu watatu. Hakuambiwa watatu gani, na Hinde hakuona sababu ya kuchagua wale watakaomcheka. Akavaa viatu, akashuka mpaka duka la kona. Alichukua trei ndogo ya mayai, akaiweka kwenye kikapu, akalipa ili asionekane mtu wa kuongea na rafu, akangoja mpaka wanawake watatu walipokuwa karibu. Akakohoa. Akasema, akitazama makopo ya samaki, kwamba mayai yoyote yaliyo yake, popote yalipo, kuanzia sasa hana haki nayo, hayana mwenyewe, na atakaye achukue.

Wanawake wale walitazamana. Bnei Brak mtu akisema jambo kama hilo kwa sauti nzito, hasa mke wa mtu wa chuo, watu hawaulizi. Huenda ni nadhiri, huenda ni mgonjwa anaombewa. Mmoja akasema amina. Hinde aligeuka kupokea chenji kwa muuzaji, na alipogeuka tena kikapu chake kilikuwa kitupu.

Njiani kurudi alijaribu kuridhika. Watu watatu walikuwepo. Maneno yamesemwa. Lakini alipofika kwenye ngazi, jicho la kulia likaanza kazi yake. Watatu wale walisikia nini? Walisikia mayai ya kuku. Hawakujua kiota, hawakujua njiwa, walishuhudia zawadi ya bure na mmoja wao akaipokea. Jani kama hili likiletwa kwenye meza yake ya kioo, angelirudisha na sanduku lake.

Akasimama kibarazani, mkono umeshika bega. Njiwa alikuwa amerudi. Au alikuwa mwenzake, wa zamu ya jioni; Hinde hakuweza kuapa. Alilala juu ya yai ambalo pengine lilikuwa la Hinde, kwenye nywele ambazo hakika zilikuwa za Hinde. Alianza na shaka kwamba kiota kile kina mwenyewe, na sasa alikuwa na uhakika, na mwenyewe ni yeye.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo lililomtesa alipokuwa akimenya viazi kwa mkono mmoja. Jioni Mindl angepiga makofi, ndege angeruka, mayai yangeinuliwa, wote wangelia, na hakuna angejua kwamba binti ameinua mali ya mama yake na kurudi nyumbani na amri tupu. Hakuna isipokuwa Hinde. Naye angemtazama Mindl tumbo mwezi baada ya mwezi, kama alivyotazama majani.

Jua lilipokuwa linashuka wakakutana sebuleni kwa Kreindl: Mindl akiwa amevaa gauni la sikukuu, Anshel mwembamba na kofia yake, Reb Yekusiel aliyetolewa kitabuni kwa nguvu. Vichwa vya sponji viliwazunguka na wigi zao kama wageni waalikwa. Ndani palikuwa na joto la tanuri. Juu ya meza palikuwa na keki ndefu ya rangi ya dhahabu, imefunikwa kwa kitambaa. Kreindl alimweleza Mindl kwa sauti ya chini namna ya kusimama, asogee taratibu, apige makofi mara moja, asimguse ndege.

"Ngojeni," Hinde akasema.

Akayasema yote. Hakuyasema vizuri. Alianza na nguo, akapita kwenye stuli, akakaa muda mrefu kwenye suala la mwiko, na alipofika kwenye yai sauti ilikuwa imeshuka hata Anshel akainama kusikia. Alisema kwamba alimshuku Kreindl kununua njiwa sokoni. Alisema kwamba hakukuta pete. Alisema kwamba yai alilolinyanyua, na la pili pia kwa usalama, si lake, ameyaachia mbele yao, hana haki nayo, hayana mwenyewe. Akapumua. Akaongeza kwamba na nywele zilizomo kiotani ameziachia, ingawa ni za wigi ya bei.

Mindl alikuwa ameiva uso. Hinde, ambaye angeweza kustahimili neno lolote ila uso ule, alitazama sakafu.

"Ni zako kweli," Kreindl akasema. Hakuonekana kukasirika, jambo ambalo siku nyingine lingemtia Hinde wasiwasi. "Nikimaliza kuchana natikisa kitambaa dirishani. Njiwa anachagua mwenyewe. Wigi nyingi siku hizi ni nyuzi za kiwandani, hazitaki. Yako ni nywele za kweli."

"Ulisema umepunguza kidogo."

"Nilipunguza kidogo. Kiota chenyewe kidogo."

Reb Yekusiel akageukia ukuta, na mabega yake yalionekana kutikisika. Kreindl akaenda kufungua pazia. Akasema, mgongo ukiwa kwao, "Kila mwaka nakuona pale kibarazani, Hinde, shingo nje. Nikawa najiambia, maskini, anaangalia kama nguo zimekauka."

Hinde akauliza, kwa kuwa lilikuwa limebaki hilo moja na asingelala bila kulijua, kwa nini basi hataki malipo.

Kreindl akafikiri kidogo. "Watu wanakuja jioni," akasema. "Nyumba inakuwa na watu." Alinyoosha pazia ambalo lilikwisha nyooka. "Njiwa wa kwanza alikuja baada ya mume wangu kufa. Alichelewa kunipa mtoto, lakini alikuja. Ningemfukuza kwa kiyoyozi?"

Mindl akasogea dirishani. Alipompita mama yake alimshika bega, kwa bahati mbaya lile la kulia, na Hinde akauma meno asilie, kwa sababu mkono ule haukuwa na hasira. Wakakusanyika nyuma yake. Mama njiwa alikuwa amejaa kiotani, jicho moja kwao. Mindl akapiga makofi. Ndege hakusogea. Akapiga tena, ndege akajiweka vizuri zaidi kwenye nywele. Hinde alihisi mkono wake ukitafuta mwiko na akauficha nyuma ya mgongo. Ndipo Mindl akasema kwa sauti ndogo kabisa, si kwa mtu, "Tafadhali," akapiga mara ya tatu, na njiwa akaruka kwa ule mlio wa mabawa unaofanana na shuka likikung'utwa, akaenda kutua kwenye bomba la ng'ambo.

Mindl akainua mayai yote mawili kwenye viganja. Alikaa nayo. Hakuna aliyemharakisha. Hinde alitazama uso wa binti yake kutoka pembeni, na alipokuja kujitambua akakuta amesahau kufumba jicho la kushoto.

Kisha mayai yakarudi kwenye godoro lao, Mindl akayaachia mbele ya watu, akakaa chini kama mtu aliyetoka safari, na Kreindl akafunua keki. Wakabariki, wakakata, wakala. Bomba la ng'ambo likabaki tupu. Mama amerudi zamuni.

Anshel, ambaye alikuwa na tabia ya kuona somo katika kila kitu, alisimama na kipande mkononi. Macho yake yalikuwa na maji. Alisema kwamba amri ya kiota ni kubwa, lakini leo ameona kubwa zaidi. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kunyamaza hakunyamaza. Aliachia mbele ya mashahidi si yai peke yake bali heshima yake, kwa ajili ya mwanawe, na kama mlango wa rehema hautafunguka kwa sababu ya njiwa, basi utafunguka kwa sababu ya mama. Kreindl alipangusa jicho kwa pembe ya aproni. Hata Reb Yekusiel alikuwa ameacha kutafuna. Wote wakamgeukia Hinde.

Hinde alikuwa amesimama karibu na taa, amenyanyua kipande chake cha keki kwenye mwanga, jicho la kushoto limefumba.

"Haya mayai ya keki," akasema, "umeyatoa duka gani, na saa ngapi?"